Bunduki ya kujifunzia shabaha: kubwa siyo bora

Wanaoanza shabaha wengi hutamani bunduki kubwa. Ya nini?

Vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Mjerumani walibeba Mauser za mwaka 1871: risasi ya milimita 11, baruti nyeusi. Kila ikilia, moshi mzito unamwonyesha adui ulipojificha, na bega linakula teke. Waliposhinda, wakaokota bunduki za kisasa za Waingereza na risasi kama 600,000.

Mwanafunzi wa leo .22 inamtosha kabisa. Teke lake dogo, risasi zake nafuu, kwa hiyo atapiga nyingi zaidi. Bunduki inayoumiza humzoesha mtu kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo kuitoa ni kazi. Apime kitako pia: kikiwa kirefu, atalenga huku amejipinda.

Viziba masikio na miwani ni lazima, hata kwa .22. Mkanda unasaidia kutuliza mkono. Darubini isubiri.

Leseni hutafutwa kupitia polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bila hiyo, hata gobore la urithi ni kosa.