Anga Baada ya Magharibi



Qur'ani inatuhimiza kutafakari mbingu na ardhi. Basi leo tutazame juu ya milima yetu ya Uluguru, mbali kupita mawingu. Kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu, mionzi ya jua hubandua chembe za umeme, yaani elektroni, kutoka katika hewa nyembamba. Matabaka hayo huitwa ionosfia. Ndiyo yanayorudisha chini mawimbi mafupi ya redio, hata tukasikia stesheni za nchi za mbali, hasa usiku.

Dunia ina ikweta nyingine, ya sumaku. Kwa upande wetu wa Afrika hupita Ethiopia. Mchana, elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo, kisha hushuka kaskazini na kusini mithili ya chemchemi irukayo. Hujaa zaidi takriban digrii 15 kila upande, na Morogoro imo karibu na eneo hilo la kusini. Baada ya Magharibi, hasa miezi ya Machi na Septemba, hutokea mapovu makubwa yenye elektroni chache. Ishara za setilaiti zikipita humo huyumba.

Hapo ndipo wataalamu wanapohitaji modeli, yaani hesabu ya kukisia hali ya anga. Setilaiti za GPS hutuma modeli rahisi inayoondoa takriban nusu tu ya kosa linalotokana na ionosfia. Modeli bora zaidi hudai vipimo vingi. Mwaka 1967 setilaiti San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, kuchunguza anga la juu la ikweta. Hata hivyo, vituo vya kupimia Afrika bado ni vichache kuliko Ulaya.

Je, haya yanatuhusu nini? Simu ikikosea mita chache, kibla hakibadiliki. Makka iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapa, kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Lakini mita hizo hizo katika mpaka wa shamba ni haki ya mtu, na Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya kudhulumu ardhi, ijapokuwa shubiri moja. Kwa hiyo tusikate mpaka kwa simu. Tumwite mpimaji mwenye kifaa kinacholinganisha na kituo cha uhakika, na jirani awepo.

Nanyi wanafunzi, shikeni hisabati na fizikia. Anga la kwetu linahitaji wapimaji wa kwetu.

Wabillahi tawfiq.