Shukrani Haikai Bila Hesabu

Katika Kenya ya miaka ya karibuni, shukrani imekuwa ikidaiwa kutoka pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande mmoja ni ule wa maisha ya kila siku, ambapo aliyeachishwa kazi, aliyeuguliwa au aliyefiwa huinuliwa na watu wake, naye huwashukuru bila kushurutishwa na yeyote. Upande wa pili ni ule wa jukwaa la siasa, ambapo mwananchi aliyechimbiwa kisima au aliyepewa basari ya mtoto hutarajiwa apige makofi na kumtaja mfadhili kwa jina, na akithubutu kuuliza gharama huambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kwa kuwa neno linalotumika ni lile lile, wengi waliochoshwa na siasa wameanza kulishuku, wakidhani kwamba kushukuru ni kukubali kunyamazishwa. Dhana hiyo inaeleweka, ila imekosea mlengwa, kwa maana tatizo haliko katika kushukuru bali katika kutojua ni nani hasa anayestahili kushukuriwa.

Suala hili si geni kwa wanazuoni. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima cha Ihya Ulum al-Din, kile cha 32, kwa ajili ya subira na shukrani, na humo akaeleza kwamba shukrani hujengwa na mambo matatu yanayozaana: elimu, yaani kuijua neema na kumjua aliyeitoa, hali, yaani furaha inayoingia moyoni kutokana na ujuzi huo, na amali, yaani kuitumia neema kwa namna inayomridhisha mtoaji. Cha kuzingatia hapa ni mpangilio, kwa kuwa ujuzi umetangulizwa mbele ya furaha. Akitoa mfano wa mtu aliyetunukiwa na mfalme, Ghazali anafafanua kwamba mtu huyo haishukuru kalamu wala karatasi iliyoandikiwa amri ya kumpa zawadi, na kwamba hata mtunza hazina aliyemkabidhi zawadi yenyewe ni mjumbe anayetekeleza alichoamriwa. Ghazali alikuwa akimzungumzia Mungu, si bajeti ya serikali, na haitakuwa haki kumgeuza mchambuzi wa fedha za umma. Hata hivyo, mfano wake unamfaa sana mtu anayesimama juani kusubiri uzinduzi wa zahanati iliyojengwa kwa kodi yake mwenyewe.

Kodi hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Katika hati ya mshahara ya mfanyakazi wa Kenya, kando ya kodi ya mapato, hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Mama mboga asiye na hati kama hiyo naye hulipa, kwani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 anaponunua sabuni, na ushuru mwingine hujificha ndani ya ada anayokatwa kila anapotuma pesa kwa simu. Katiba ya mwaka 2010 inatamka katika kifungu cha kwanza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, jambo ambalo kwa lugha ya Ghazali lina maana kwamba waziri na mbunge wamo katika daraja la mtunza hazina. Mtunza hazina mwaminifu anastahili heshima yake, lakini kumshukuru kana kwamba ametoa mfukoni mwake ni kukosa ile elimu inayotakiwa kutangulia.

Namna shukrani inavyofanya kazi pale inapokuwa hai huonekana vizuri zaidi katika mchango wa matibabu. Kundi la WhatsApp huundwa usiku mmoja, likapewa jina la mgonjwa na picha yake ya siku za uzima. Mweka hazina hubandika orodha yenye nambari, na kila anayetuma hunakili orodha nzima, huongeza jina lake na kiasi chake chini kabisa, kisha huirudisha. Aliyetoa shilingi 50 huandikwa sawa na aliyetoa 5,000, na wapo wanaojiandika "rafiki" tu kwa kutotaka kujulikana. Jioni hutangazwa jumla, zikifuata asante na kiasi cha bili kilichosalia. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, au Mungu akipanga vingine na kundi likabadilishwa jina kuwa la mazishi, hutolewa hesabu ya mwisho: ya hospitali, ya gari, ya jeneza, ya turubai na viti, na ya kile kilichobaki kwa ajili ya mjane. Hakuna anayeona kwamba hesabu hiyo imeipunguzia asante utamu wake. Anayezua minong'ono ni yule mweka hazina mwenye asante nyingi asiyetaja jumla.

Ni kweli pia, na si vizuri kulifunika, kwamba mchango huo ni dalili ya upungufu mahali pengine, kwa sababu baadhi ya wanaochangishiwa ni watu wanaokatwa fedha za bima kila mwezi chini ya mfumo ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya ule wa NHIF. Kuwashukuru majirani hakumlazimu mtu huyo kuisamehe bima, na manung'uniko yake dhidi ya bima hayaifanyi asante yake kwa majirani kuwa ya uongo.

Utafiti wa kisaikolojia nao unaendana na wazo kwamba mtu anaweza kushukuru huku shida yake ikibaki. Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki waliandika mambo wanayoyashukuru na wengine wakaandika kero zao. Katika jaribio moja, watu wenye maradhi ya neva na misuli walioandika shukrani kila siku kwa muda wa siku 21 walieleza kwamba walilala vizuri zaidi na kujihisi karibu zaidi na wenzao. Maradhi yao hayakuondoka, na watafiti hawakudai hivyo.

Kukaa pamoja kwa shukrani na manung'uniko kulidhihirika katika maandamano ya vijana ya kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliopendekeza, miongoni mwa mengine, kodi ya asilimia 16 kwa mkate. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi na kufa, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Vijana hao waliitwa wasio na shukrani, ilhali madaktari wa kujitolea walikuwa wakiwatibu majeruhi, mawakili wakiwafuata waliokamatwa vituoni bila malipo, na michango ikimiminika kwa njia ya simu. Shukrani ilikuwepo tele, ila haikuelekezwa kule ilikokuwa ikitarajiwa.

Harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, ilikuwa na sura ya ule mchango wa majirani kabla ya kugeuzwa jukwaa la wanasiasa. Mwezi Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee, lakini haikupita muda fedha za wakubwa zikaonekana tena madhabahuni, hadi mwezi Novemba mwaka huo Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza kurejeshwa kwa shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais katika parokia ya Soweto. Kwa kanisa ambalo kiini cha ibada yake ni kushukuru, uamuzi huo wa kutopokea ulikuwa somo kubwa kuliko mahubiri mengi.

Hesabu ya kodi nayo ina mahali pake pa kudaiwa: kwa mujibu wa kifungu cha 221 cha Katiba, makadirio ya bajeti hupelekwa katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, na kamati inayoyachunguza inatakiwa kutafuta maoni ya wananchi. Anayetaka kujua fedha zake zinakwenda wapi asisubiri sherehe ya uzinduzi. Apeleke swali lake huko, kabla bajeti haijapitishwa.