Mng'ao na Kinga: Utunzaji wa Mabuti ya Kijeshi katika Mbulu na Hanang

Buti la ngozi la kijeshi hudaiwa kazi mbili ambazo wengi huzichukulia kuwa kazi moja. Ya kwanza ni kung'aa mbele ya mkaguzi wa gwaride, na ya pili ni kuzuia maji yasiufikie mguu wa mvaaji anapopita kwenye tope, kijito au majani yenye umande. Kazi hizo hutumia vitu tofauti na hufanyika katika matabaka tofauti ya ngozi, na zisipofuata utaratibu wake, moja huiharibu nyingine. Katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara tofauti hiyo hujitokeza wazi, kwa sababu katika safari ya siku moja buti linaweza kutoka kwenye ukungu na baridi ya nyanda za juu za Mbulu, likapita kwenye udongo wa volkano chini ya Mlima Hanang, kisha likakanyaga chumvi na magadi ya kingo za Ziwa Balangida. Askari, mgambo, mlinzi wa msitu na yeyote mwingine anayefanya kazi kwa buti la ngozi katika eneo hilo anahitaji kujua kila kitu anachokipaka kinafanya nini.

Historia ya eneo lenyewe inaonyesha uzito wa jambo hilo. Aprili 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini kilitoka Arusha kwenda Kondoa Irangi kupitia Lolkisale na Ufiome, mashariki ya Mlima Hanang, katikati ya masika, na tope likakwamisha magari ya chakula na vifaa huku farasi wakifa kwa wingi njiani. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, kikiwamo Gendabi, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na wanajeshi wa JWTZ wakawa miongoni mwa waliopelekwa kutafuta watu na kuondoa tope. Katika kazi ya namna hiyo buti hukaa limelowa kwa siku kadhaa mfululizo, na mng'ao wa kiwi, yaani dawa ya viatu, ambao huondolewa na mchanga katika saa za mwanzo tu, haulindi chochote.

Ili kuelewa kinacholinda, ni lazima kuanza na ngozi yenyewe. Ngozi ni mfumo wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosokotana pande zote. Upande wa juu, uliokuwa na manyoya, nyuzi hizo ni nyembamba na zimebanana, ilhali upande wa ndani, uliokuwa umeshikana na nyama, ni nene na zimeachana. Usindikaji wa kiwandani huzifunga nyuzi hizo zisioze, ama kwa chumvi za madini ya kromi, njia iliyoenea viwandani baada ya Augustus Schultz kuisajili nchini Marekani mwaka 1884, ama kwa tanini, yaani kemikali za asili zinazopatikana kwenye magome ya miti kama miwati inayopandwa Njombe. Hata hivyo usindikaji hauzibi nafasi zilizoko kati ya nyuzi, na maji huingia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kiwandani ngozi hulishwa pia mafuta, ambayo huupaka kila unyuzi ili uteleze juu ya mwenzake, lakini kila buti linapolowa na kukauka sehemu ya mafuta hayo hupotea, nyuzi hugandamana, na ngozi hukakamaa hadi ikapasuka pale inapokunjwa na hatua za mguu.

Wafugaji wa Hanang na Mbulu waliujua uhusiano wa ngozi na mafuta kabla buti halijafika kwao. Sketi ya ngozi ya wanawake wa Kibarabaig, iitwayo hanang'wenda, na zile sketi za Wairaqw zilizotariziwa kwa shanga, hutokana na ngozi iliyokwanguliwa, ikasuguliwa na kupakwa mafuta mpaka ikalainika. Maarifa hayo ni sahihi, ila buti lina mahitaji zaidi, kwa kuwa vazi hukutana na mvua kutoka juu na kukauka mwilini, ilhali buti husimama ndani ya maji na kubanwa kwa kila hatua. Kwa hiyo mafuta, ambayo kazi yake ni kulainisha, yanapaswa kuchanganywa na nta, ambayo kazi yake ni kuyafukuza maji.

Uchaguzi wa mafuta ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mafuta ya alizeti, ambayo hupatikana kirahisi katika ukanda huu wa Hanang na Singida, yanaonekana kufaa kwa kuwa ni mepesi na hupenya haraka, lakini yana tabia ya kushika oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando unaonata, kisha mgumu, ndani ya ngozi yenyewe. Samli ina mabaki ya maziwa, nayo huchacha, hunuka na kuwaita panya na sisimizi. Shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe au kondoo, ni imara zaidi kwa kuwa haichachi upesi, ingawa huganda kwenye baridi. Yaliyo bora kwa kulainisha ni mafuta ya miguu ya ng'ombe, yale yanayoelea juu ya sufuria makongoro yanapochemka, kwa sababu mafuta ya sehemu za mwisho za mwili hubaki maji hata kwenye baridi, na viwanda vya ngozi duniani vimeyatumia kwa muda mrefu. Sharti lake ni kwamba makongoro yachemshwe bila chumvi, mafuta yaenguliwe, kisha yachujwe hadi yasibaki na maji wala vipande vya nyama.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo haitiririki kwenye jua la mchana la Katesh, na inapokaa kwenye matundu ya ngozi huyafanya matone ya maji yajikusanye na kuteleza badala ya kutandaa na kunywewa. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya nta kwa sehemu mbili za mafuta, ukiyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mafuta yenye joto kali hushika moto ghafla. Ukipoa huwa laini kiasi cha kuchotwa kwa kidole, na dawa nzito za kuzuia maji zinazouzwa madukani kwa ajili ya mabuti hufuata kanuni hiyohiyo ya mafuta na nta.

Kabla ya kupaka, buti husafishwa na kukaushwa. Kamba hutolewa, tope huachwa likauke kidogo kisha huondolewa kwa brashi, na mabaki hufutwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu udongo wa volkano una chembe ndogo na kali ambazo, zikifungiwa chini ya nta, hukata ngozi kama msasa kila inapokunjwa. Sabuni ya kufulia haifai, kwani ngozi iliyosindikwa ina asili ya asidi kidogo nayo sabuni hiyo ina asili ya alkali, yaani kinyume cha asidi, hivyo hulegeza vifungo vilivyowekwa kiwandani na kuondoa mafuta. Kukausha hufanyika kivulini penye upepo, buti likiwa limejazwa magazeti yanayobadilishwa yanapolowa. Kuliweka kando ya mafiga ni kuliharibu, kwa kuwa ngozi ya tanini ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye joto la kati ya nyuzi 70 na 85, na ingawa ngozi ya kromi huvumilia hadi karibu nyuzi 100, gundi na nyuzi za mshono huenda zisivumilie.

Buti likiwa limebakiza unyevu kidogo tu, mchanganyiko hupakwa kwa vidole, kwa tabaka jembamba, na joto la mkono hutosha kuuingiza. Mkazo huwekwa kwenye sehemu zinazokunjwa, kwenye ulimi, na zaidi kwenye mishono, kwa sababu maji mengi huingia kupitia matundu ya sindano kuliko kupitia ngozi yenyewe. Fundi viatu anapouvuta uzi wake kwenye donge la nta kabla ya kushona anaziba matundu hayo tangu mwanzo, na buti lililorudishiwa mshono kwa uzi mkavu litavuja hata likipakwa nini. Soli ya mpira haipakwi, kwani mafuta huvimbisha mpira na kulegeza gundi.

Baada ya siku kadhaa doa jeupe linaweza kujitokeza juu ya buti, na hapo ndipo mazingira ya wilaya hizi yanapohitaji jicho la makini, kwa sababu weupe huo una vyanzo vitatu visivyotibiwa kwa namna moja. Wa kwanza ni mafuta yaliyoganda, ambayo hutokea hasa katika baridi ya Juni na Julai huko Mbulu, pale shahamu inapotoka kwenye matundu na kuwa kama unga. Ukipashwa joto kwa kiganja au kwa jua la asubuhi hutoweka, na hauna madhara. Wa pili ni kuvu, anayeota kwenye buti lililofungiwa likiwa na unyevu. Yeye hatoweki kwa joto, ana nyuzi kama pamba na harufu ya uvundo, na huondolewa kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kisha buti hukaushwa vizuri kabla ya kupakwa tena.

Weupe wa tatu ni chumvi na magadi, na ndio wa hatari kuliko wote. Maji yaliyonywewa kando ya Balangida, au jasho la mguu, yanapokauka huacha fuwele zinazochakaza nyuzi kutoka ndani, na fuwele za chumvi huvuta tena unyevu wa hewani usiku. Magadi huongeza madhara, kwa kuwa ni alkali inayougusa mfumo wa usindikaji na kugeuza sehemu ya mafuta ya ngozi kuwa aina ya sabuni, ambayo huyeyuka kwenye mvua inayofuata na kuiacha ngozi ikiwa kavu kuliko awali. Dalili yake ni kwamba haitoweki kwa joto bali kwa maji, na huacha mistari inayofuata mpaka ambapo maji yalifika. Tiba ni kufuta mara kadhaa kwa maji safi, kumalizia na maji yenye siki kidogo ili kupunguza alkali, kukausha taratibu na kulisha mafuta upya. Anayepaka kiwi juu ya weupe huo anaufunika tu, na ngozi huendelea kuliwa chini ya rangi.

Kiwi, kama dawa ya viatu inavyoitwa na wengi kutokana na chapa iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, ni mchanganyiko wa nta kadhaa, rangi na kimiminika kinachokauka upesi kama tapentaini. Kimiminika kinaporuka hewani, nta hubaki na kujaza mabonde madogo ya uso wa ngozi, na uso uliosawazishwa hurudisha mwanga kwa mwelekeo mmoja, jambo ambalo jicho huliona kuwa mng'ao. Kioo cha gwaride hupatikana kwa tabaka nyingi nyembamba, zikipakwa kwa kitambaa laini cha pamba kwa miduara midogo, pamoja na tone la maji baridi linaloifanya nta iwe ngumu isishikane na kitambaa. Mate yakitumika badala ya maji hayo hayana nguvu ya pekee inayoyazidi. Tabaka hizo hujengwa kwenye sehemu ya vidole na kisigino tu, ambako ngozi haikunjwi, kwa kuwa nta ngumu ikiwekwa kwenye mikunjo hupasuka na kuingiza maji.

Mchanganyiko wa mafuta na nta, kwa upande wake, huufanya uso wa ngozi ulegee na usishike kioo hicho. Kwa sababu hiyo buti moja haliwezi kufikia kilele cha kazi zote mbili, na penye uwezo ni busara kutenga jozi ya gwaride na jozi ya kazi. Asiye na jozi mbili atalisha mafuta mwanzoni mwa mvua za Novemba na tena kila buti linapolowa hadi ndani, ataacha siku moja au mbili ngozi inywe, atafuta ziada, kisha atapaka kiwi kwa uchache kwa ajili ya rangi. Hatapaka kupita kiasi, kwa kuwa ngozi iliyozibwa kabisa huzuia mvuke wa jasho kutoka, na mguu unaoloweshwa na jasho lake huchubuka na kuota fangasi sawa na ule uliolowa mvua. Katika mahandaki ya Ulaya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wengi walipoteza vidole na hata miguu kwa kukaa na unyevu na baridi ndani ya buti, na jeshi la Uingereza likajifunza kwamba soksi kavu na ukaguzi wa miguu ni sehemu ya kinga kama lilivyo buti lenyewe.

Kutokana na hayo, mkaguzi anayeitazama ncha ya buti peke yake hukagua sehemu isiyoweza kumweleza habari muhimu. Katika kituo cha Mbulu au Hanang ukaguzi wenye manufaa ungekunja buti pale mguu unapokunjia ili kuona kama ngozi ina nyufa, ungepitisha kidole kwenye mshono wa soli, ungetafuta mistari ya chumvi juu ya kisigino, na ungetia mkono ndani kupima unyevu. Buti lililofaulu vipimo hivyo vinne hung'arishwa kwa dakika chache kabla ya gwaride, ilhali lililofeli linahitaji fundi, siki na mafuta, na hakuna idadi ya tabaka za kiwi inayoweza kuchukua nafasi ya hayo.