Mgodi wa Tower na Wenyewe Walioukomboa

Mara nyingi mfanyakazi huambiwa kwamba kazi yake haina faida tena, na kwamba hana budi kufunga virago vyake aende zake. Asemaye hivyo ndiye ashikaye daftari la hesabu. Ashikaye sururu haulizwi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu waliolikataa neno hilo.

Karibu na kijiji cha Hirwaun, katika bonde la Cynon, kusini mwa Wales, kazi ya kuchimba makaa ya mawe katika mgodi wa Tower ilianza mwaka 1864. Mgodi uliitwa kwa jina la mnara uliojengwa karibu na hapo mwaka 1848 na ukoo wa Crawshay, matajiri wa viwanda vya chuma. Basi hata jina lenyewe lilikuwa la bwana, wala si la mchimbaji. Tarehe 1 Januari 1947 migodi ya Uingereza ikafanywa mali ya taifa. Hata hivyo hatari haikuondoka: mwezi wa Aprili 1962 mlipuko uliwaua watu 9 chini ya ardhi.

Baada ya kushindwa kwa mgomo mkuu wa mwaka 1984 hadi 1985, migodi ya Wales ilifungwa mmoja baada ya mmoja. Aprili 1994 zamu ya Tower ikafika. Shirika la serikali lilisema mgodi hauna faida. Mbunge wao, Bibi Ann Clwyd, aliteremka shimoni akakaa humo zaidi ya siku nzima kupinga jambo hilo. Mgodi ukafungwa vivyo hivyo.

Ndipo wachimbaji 239, wakiongozwa na Tyrone O'Sullivan wa chama chao cha wafanyakazi, walipoamua kuununua. Kila mmoja aliahidi pauni 8,000 kutoka katika kiinua mgongo chake. Fedha hizo tusizidharau: zilikuwa akiba ya mtu aliyekwisha kupoteza kazi, na chakula cha watoto wake. Hisa zao zilikuwa sawasawa. Mwanzoni mwa Januari 1995 waliandamana pamoja na jamaa zao kurudi kazini, na mgodi ule ule uliosemwa hauna faida ukaleta faida. Uliendelea kwa miaka 13, hata Januari 2008, makaa yaliyoweza kuchimbwa yalipokwisha.

Wapo watakaosema kwamba mwisho wake ulikuwa ule ule, mlango kufungwa. Sisi hatukubali. Mwaka 1994 mgodi ulifungwa kwa amri ya watu wa mbali, na makaa yangali ardhini. Mwaka 2008 ulifungwa kwa kuwa kazi imekwisha, na wenyewe wakijua hesabu yake. Kati ya milango hiyo miwili ipo mishahara ya miaka 13, na heshima isiyopimwa kwa ratili. Umoja ni nguvu, walisema wazee. Lakini watu wa Tower walionyesha kwamba umoja nao una gharama, na kwamba kila mtu sharti aitoe mfukoni mwake.