Mlima wakati wa mvua: Jihadhari na kulowa

WENGI wanaopanda Mlima Kenya huenda Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, kunapokuwa kukavu. Lakini wapo wanaopendelea msimu wa mvua, wakati njia ya Chogoria, inayopita kwenye msitu wa mianzi kuelekea bonde la mto Nithi, haina watu.

Utulivu huo hauji bure. Upande huo wa mashariki hupata mvua nyingi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000, na nguo zilizolowa huondoa joto mwilini upesi. Mtu anaweza kudhurika hata pasipo na theluji.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mtu hutetemeka, hujikwaa na kukokota maneno. Akiacha kutetemeka kabla ya kupata joto, usidhani amepona. Hali yake imezidi kuwa mbaya.

Mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa zilizo kavu na umtandikie chini. Akiwa na fahamu, mpe chai ya vuguvugu yenye sukari. Usimpe pombe wala usimsugue mikono na miguu. Kisha atafutiwe daktari.

Mto ukifurika, usiuvuke. Subiri upungue au urudi ulikotoka. Maji yake pia yachemshe kabla ya kunywa. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache yatokote kwa dakika 3.

Na mwenzako akianza kujikwaa na kubaki nyuma, sahau kilele. Teremkeni pamoja.