Mdou Moctar: kutoka gitaa la waya za kinga hadi rock kubwa ya jangwani

Jogoo anawika, nyayo zinasikika, kisha gitaa linaingia kwa nguvu. Ndivyo inavyoanza Afrique Victime, albamu ya Mdou Moctar, mpiga gitaa Mtuareg wa Niger. Ilitolewa tarehe 21 mwezi wa tano 2021 na lebo huru ya Matador, ya New York. Katika rock iliyotoka Afrika miaka hii, ni vigumu kupata yenye sauti pana kuliko hii.

Mahamadou Souleymane, ndilo jina lake halisi, hakununua gitaa lake la kwanza. Nyumbani hawakupenda muziki huo. Akajichongea la ubao, nyuzi akazitoa kwenye waya za breki za kinga. Baadaye nyimbo zake zilizunguka Sahel kutoka telefoni moja hadi ingine, muda mrefu kabla ya Ulaya kumjua.

Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa vidole vitupu. Ahmoudou Madassane anashika gitaa la pili, Souleymane Ibrahim ngoma, na Mmarekani Mikey Coltun, aliyetayarisha albamu, anapiga besi. Mpenzi wa sebene atatambua kitu: maneno yakiisha, ndipo kazi ya gitaa inaanza. Ila hapa gitaa halibembelezi. Linakwaruza, linalia, linakaribia kupasua spika.

Kilele ni wimbo wenye jina la albamu, zaidi ya dakika saba. Moctar anaimba Kitamasheki na Kifaransa, lugha ya waliotawala nchi yake, akilaumu ukoloni na pia kimya cha Waafrika wenyewe. Urani ya Niger imelisha mitambo ya umeme ya Ufaransa kwa miaka mingi, huku Wanijeri wengi wakilala gizani. Msomaji wa Kivu au Katanga hahitaji kuelezwa zaidi. Kuelekea mwisho ngoma zinaongeza mwendo na gitaa linakimbia nazo, bila neno hata moja.

Si yote makelele. “Tala Tannam” ni wimbo wa mapenzi, mpole, wa kusikiliza usiku.

Mwezi wa saba 2023, jeshi lilipopindua serikali Niamey, bendi ilikuwa ziarani Marekani. Mipaka ikafungwa, wakashindwa kurudi kwao. Wakiwa huko walirekodi upya, kwa magitaa yasiyo ya umeme, nyimbo za albamu iliyofuata, Funeral for Justice. Toleo hilo la polepole, Tears of Injustice, lilitoka 2025.