Je, Wajua? Asili ya jina la virginali
Virginali ni kinanda kidogo cha Ulaya: ukibonyeza kibonye chake kwa kidole, kijiti cha ubao hupanda na ncha ya unyoya wa ndege hudonoa uzi. Kwa Kilatini jina lake linahusiana na ubikira, usafi wa mwanamwali. Wengi husimulia kuwa kiliitwa hivyo kwa heshima ya Elizabeth wa Kwanza, Malkia Bikira wa Uingereza. Haiwezekani. Malkia huyo alizaliwa mwaka 1533, ilhali Paulus Paulirinus wa Prague alikwisha kulitaja jina hilo mnamo 1460, akieleza kuwa kinanda hicho hulia kwa upole kama sauti ya mwanamwali. Wapo wanaolihusisha na neno virga, yaani fimbo, kwa sababu ya vile vijiti. Hoja yao inaeleweka, lakini ushahidi wa Paulirinus, aliyeishi zama zilezile, una uzito zaidi.